Hukumu ya Tatu Nisiyoijua

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mlangoni mwa benki, fomu ya kadi ya mkopo mkononi, roho juu juu. Tangu siku hiyo gazeti limenipokelea barua kumi na moja. Tisa zinanipa pole. Mbili zinaniita mjinga. Nyie wawili kaeni mkao wa kula, maana leo mtashiba.

Kwa aliyeingia leo, habari yenyewe ni hii. Mimi ni fundi wa cherehani za viwandani, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, watu wananiita Bisibisi. Mume wangu alifungua duka la nguo kwa jina langu, akakopa kwa jina langu, kisha akala kona na mwanamke mwingine. Hilo jina ndilo kitu pekee alichoniachia. Mahakama ikanihukumu mara mbili nilipe. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya mwenye jengo la duka. Ya pili ilikuwa ya muuza vitambaa mmoja tunayemwita Mzee Mita, kwa sababu mita yake haijawahi kufika sentimita mia.

Nililipa zote. Miaka minne nililala chali chini ya mashine za watu, mafuta yakinidondokea machoni, sikununua hata kiatu. Ya mwenye jengo nilipeleka mwenyewe. Ya Mzee Mita nilimpa mdogo wangu wa kiume apeleke, maana mimi na yule mzee tulikuwa tumeshatukanana, na mdogo wangu ni dalali wa magari, ana mdomo mtamu. Aliniletea risiti. Nikaitia kwenye fremu, nikaitundika ukutani, nikajua yamekwisha.

Halafu ikaja kazi. Kiwanda cha kushona sare, mashine arobaini, mkataba wa miaka miwili wa matengenezo. Mkataba huo ungenitoa kwenye kile kibanda cha bati ninachogawana na muuza matairi, nikapata karakana yenye mlango wangu na kufuli langu. Lakini mashine kumi na tisa zilikuwa zimekufa kile chuma kinachozunguka chini ya sindano kubeba bobini. Chuma hicho kinauzwa ng'ambo, na muuzaji wa ng'ambo hataki fedha taslimu wala salamu. Anataka namba za kadi ya mkopo.

"Ijumaa saa sita mchana," meneja wa kiwanda aliniambia. Ni mwanamke asiyepoteza maneno. "Oda iwe imeshalipiwa. Ikipita hapo nachukua fundi mwingine."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuingie ndani ya benki.

Ofisa wa kadi alikuwa na tai ya bluu na kucha safi kuliko za bibi harusi. Alisoma fomu yangu mstari kwa mstari, akafika pale panapouliza kama nimewahi kuhukumiwa na mahakama kulipa deni. Nilikuwa nimeandika: ndiyo, mara mbili, nimelipa zote.

"Wengi hapa huandika hapana," akasema.

"Na nyie mnajua?"

"Tunajua kabla hawajakaa."

"Sasa mbona mnauliza?"

Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mama, kwa mtu mwenye hukumu nyuma yake, kadi ya kawaida haiwezekani. Ila tuna kadi ya dhamana. Unaweka fedha zako kwetu, sisi tunazifungia, halafu tunakupa kadi yenye kiasi hicho hicho."

"Ngoja nielewe. Mimi nawapa nyie hela yangu, halafu nyie mnanikopesha hela yangu."

"Kwa namna fulani."

"Na riba nalipa mimi."

"Ukichelewa kurudisha, ndiyo."

Nilitamani kumpiga na kile kibao cha mezani chenye jina lake. Lakini ilikuwa Jumanne tayari. Nilikuwa na akiba, fedha nilizozitenga kwa ajili ya kodi ya hiyo karakana niliyokuwa naiota. Nikamwambia azifungie, na ufunguo autupe akitaka.

Akaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta. Uso ukambadilika.

"Kuna hukumu haijalipwa."

"Haipo."

"Hapa inasema ipo."

"Ya nani?"

"Hainiambii ya nani. Inaniambia tu ipo." Akaigeuza skrini nione mstari mwekundu, ambao nao haukuniambia kitu. "Hukumu zilizolipwa, ukiweka dhamana, tunaweza kuzifumbia macho. Isiyolipwa hapana. Niletee karatasi ya mahakama kwamba imelipwa. Au kama unaipinga, niletee maombi yako yakiwa na muhuri wa kupokelewa. Muhuri tu unanitosha. Kadi ziko kwenye kabati lile, nitakupa saa hiyo hiyo."

Nilitoka pale kwa hasira. Sikuhitaji kompyuta kuniambia ya nani. Ni Mzee Mita, nikasema. Amepokea hela yake, akakaa kimya, mahakama hakuiambia kitu.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Nilimkuta nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, rula ya chuma kwapani.

"Bisibisi. Leo umenikumbuka."

"Nimekuja kuchukua barua. Uandike kwamba nilikulipa."

"Ulinilipa, nani kakataa?"

"Basi andika."

Akajikuna kidevu. "Barua inataka mtu ametulia. Mimi nitatulia vipi, mashine zangu tano za huko nyuma zimegoma, washonaji wamekaa wanapiga soga tu na mshahara wanataka."

Nilimwelewa. Alivyonitazama, alijua kwamba nimemwelewa. Nilitaka kumtemea mate kwenye vitambaa vyake. Badala yake kesho yake, Jumatano, saa moja asubuhi, nilikuwa mlangoni pake na mkoba wa vifaa.

Siku nzima nilikuwa sakafuni kwa Mzee Mita. Mashine tano, bila senti moja. Ya tatu ilikuwa na mabaki ya nyuzi ya miaka na miaka, yameshikana na mafuta mpaka yamekuwa udongo, nikayachimba kwa sindano kubwa. Yeye alikuwa anapita pita na rula yake, ananiambia nikaze na ile pale, na ile nyingine inapiga kelele. Saa kumi na moja jioni akaandika barua ya mistari mitatu, akaninyooshea kwa vidole viwili.

"Sasa tumemalizana," akasema.

"Tungekuwa tumemalizana zamani kama ungekuwa na utu," nikamwambia, nikaondoka zangu.

Alhamisi asubuhi nikawa wa kwanza kwenye masjala ya mahakama. Ni chumba chenye dirisha moja la kuongelea, mafaili yamepangwa mpaka karibu na dari, na karani mmoja mwenye miwani iliyofungwa waya sehemu ya sikio. Nilimpa barua yangu. Akatafuta faili, akalipuliza vumbi, akalifungua, akanitazama.

"Dada, hii barua ni ya nini?"

"Ya kufunga deni la muuza vitambaa."

"Lilishafungwa. Miaka miwili sasa. Mzee mwenyewe alileta barua."

Akaigeuza nione. Mwandiko ule ule. Mistari mitatu ile ile. Hata kosa la herufi lilikuwa lile lile.

Jamani. Mashine tano. Siku nzima sakafuni, na yule mzee anajua kabisa kwamba barua alishaipeleka, na ananipitia kichwani na rula yake ananiambia kaza. Nilishika ukingo wa lile dirisha nikasema maneno ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyachapa. Karani akasubiri nimalize. Nadhani kazini kwake ameshayazoea.

"Basi kompyuta ya benki ni mwongo," nikasema nilipopata pumzi.

"Si mwongo. Wewe una faili la tatu."

Akalileta. Lilikuwa jembamba, halina hata vumbi. Anayedai ni kampuni moja ya mikopo ya haraka. Mkopaji ni mdogo wangu, yule dalali, kitinda mimba wa mama yangu. Mdhamini wake ni mimi. Mkopaji ameshindwa kulipa, kampuni ikaona huyu hana hata baiskeli ya kukamata, ikanishtaki na mimi mwenye vifaa na wateja. Karatasi ya kuniita mahakamani ikaletwa nyumbani. Sikutokea. Hukumu ikatoka nisiwepo, kwamba nilipe mimi.

"Sijawahi kuitwa," nikasema. "Hakuna karatasi iliyonifikia."

"Ilipokelewa." Akafunua ukurasa. Chini palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau, na pembeni yule aliyeileta ameandika: amepokea mama mzazi wa mdaiwa.

Mama yangu anakaa kwangu. Vyumba vile viwili nalipia kodi mimi, na godoro analolalia nilinunua mimi. Nililitazama lile dole nikashindwa hata kutukana.

"Na huu ndio mkataba wa udhamini," karani akasema. "Sahihi ni yako?"

"Si yangu. Wameighushi."

"Itazame kwanza, dada."

Nikaitazama. Ilikuwa yangu.

Hapa ndipo pa kuungama, na nyie wawili mnaoniita mjinga sogeeni karibu. Fundi wa mashine mikono yake ni mafuta asubuhi mpaka jioni. Zamani nilikuwa nasaini karatasi ya kazi pale pale nikimaliza, na mhasibu mmoja akakataa kunilipa, eti mafuta yameila sahihi, haisomeki. Tangu siku hiyo nikajitafutia ujanja. Kila Jumapili, nimeoga, mikono safi, nachukua karatasi nyeupe thelathini, nazitoboa matundu mawili ya kuwekea kwenye faili, nazisaini zote chini kulia. Nikienda kazini, karani wa kiwanda anaandika juu yake nimetengeneza mashine ngapi, anagonga muhuri wake, imekwisha. Mimi sigusi kitu. Nilijiona nina akili kuliko mafundi wote wa mji.

Karatasi hizo nilikuwa naziweka kabatini mwa mama, kwa sababu kibandani kwangu kila kitu kinapata mafuta.

Mkataba wa udhamini ulikuwa umechapwa juu ya karatasi yangu mojawapo. Matundu mawili yalikuwa pale pembeni, la chini limechanika kidogo, kwa sababu kile chombo changu cha kutobolea ni butu. Maneno yote ya kampuni yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa yaishie juu ya sahihi yangu.

Kisha nikaiona tarehe. Mkopo ulitoka siku moja kabla ya ile risiti ya Mzee Mita.

Nikayaelewa yote kwa mpigo mmoja. Hela niliyompa mdogo wangu apeleke kwa Mzee Mita hakuipeleka, aliila. Halafu akakopa kwa mgongo wangu, akalipa deni langu kwa deni langu lingine, akaniletea risiti na uso wa malaika. Siku ile nilimkumbatia. Nilimpa na nauli ya kurudi.

"Unaweza kuipinga," karani akasema. Naona alinionea huruma. "Lakini usije ukaapa kwamba sahihi si yako, utafungwa wewe. Apa ukweli. Sahihi ni yangu, maneno si yangu, karatasi imechukuliwa bila mimi kujua. Na umtaje aliyeichukua. Lete kiapo chako kesho kabla ya saa nne, hakimu yupo. Nikishakipokea nakugongea muhuri."

"Muhuri huo benki wataukubali?"

"Ndio huo huo wanaoutaka kila siku."

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Sikuvua viatu.

"Mama, ulipokea karatasi ya mahakama hapa?"

"Karatasi zinakuja nyingi."

"Hii uliiwekea dole."

"Alikuja mtu akasema weka dole, nikaweka. Ulitaka nibishane na serikali?"

"Halafu ukaipeleka wapi?"

Shati alilokuwa nalo alikuwa ameshalikunja. Akalikunjua, akaanza upya.

"Nilimpa Baba." Baba ndiye huyo huyo mdogo wangu. Mama anamwita hivyo tangu akiwa mgongoni, na sasa ana miaka thelathini na mitatu. "Akasema atalimaliza yeye, nisikutie presha bure."

"Na karatasi yangu ya kabatini nani alimpa?"

"Aliomba karatasi ya kuandikia."

"Yenye sahihi yangu?"

"Mimi sijui kusoma, mwanangu."

"Sahihi yangu unaijua, mama. Kila Jumapili unakaa kwenye kiti hicho unanitazama ninavyoziandika. Uliwahi hata kunicheka, ukasema nasaini kama waziri."

Akaliweka shati juu ya mengine.

Nikampigia mdogo wangu simu mbele yake, nikaweka spika.

"Dada, kwanza shusha presha," akaanza. Kumbe alishajua, sijui nani kamwambia. "Lile gari lingeuzika ningerudisha kila kitu. Mteja akaingia mitini. Sasa wewe ulitaka nikuletee mikono mitupu? Ulitaka risiti, nikakuletea risiti."

"Uliniletea hukumu."

"Mimi sikuiba kwa mtu baki. Sisi si damu moja?"

"Kesho naapa mahakamani. Nataja jina lako."

Halafu kwa sauti ya chini akasema, "Nipe mama."

Mama akaichukua simu mkononi mwangu, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Simu yangu, na salio langu. Nilisimama sebuleni kwangu robo saa nzima nasubiri kurudishiwa simu yangu na watu wanaozungumza habari zangu.

Alipotoka alikuwa amefuta machozi.

"Usimpeleke mdogo wako huko. Yule hana kifua cha kukaa ndani."

"Na mimi nina kifua?"

"Wewe ni wewe," akasema, akarudi kwenye nguo zake.

Sikumsemesha tena siku ile. Nilikuwa najijua. Ningefungua mdomo ningesema jambo ambalo mtu hamwambii mama yake.

Ijumaa asubuhi nilipoamka, kitanda cha mama kilikuwa kimeshatandikwa na yeye hayupo. Nikadhani amekwenda kumbembeleza mwanawe. Vizuri, nikasema, wabembelezane. Nikavaa, nikaenda kwa wakili mmoja aliye ng'ambo ya barabara, mkabala na mahakama, akaniandikia kiapo changu kurasa mbili, akanisomea. Kila neno lilikuwa kweli. Karatasi yangu, kabati la mama, mdogo wangu, kampuni. Nikasaini, mkono wangu ukiwa safi, na safari hii nilisoma mara tatu kabla.

Saa tatu na nusu nilikuwa dirishani kwa karani. Nilimpa kiapo. Hakukipokea.

"Dada, kaa kwanza."

"Sina muda wa kukaa."

"Kuna kiapo kingine kimeingia kwenye faili hili. Saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza nafungua mlango."

Akaigeuza karatasi upande wangu. Nilisoma nimesimama.

"Mimi, mama mzazi wa mdaiwa wa pili, naapa kwamba siku hiyo nilikuwepo nyumbani. Nilimwona binti yangu kwa macho yangu akisomewa karatasi ya udhamini, akaielewa, na akaisaini kwa hiari yake."

Chini palikuwa na dole gumba la zambarau. Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Nani kamleta?"

"Mwanaume mmoja mwenye maneno mengi. Ameshaondoka. Mama yupo." Akanyoosha kalamu kuelekea mwisho wa ukumbi.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa zile nguo zake za kwendea kwenye shughuli, mkoba magotini. Nilitembea mpaka pale. Nawaambia ukweli, njia nzima nilikuwa namwombea. Nilitaka aseme amedanganywa. Aseme Baba kamwambia ni karatasi ya hospitali, ni karatasi ya kura, ni chochote. Nilikuwa nimeshamsamehe kabla sijafika, mradi tu aseme hivyo.

"Mama, unajua ulichokiwekea dole?"

"Najua."

"Walikusomea?"

"Mara mbili."

"Na si kweli."

"Si kweli," akasema. "Kaa hapa."

Alinisogezea nafasi kwenye benchi. Sikukaa.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu wewe utalipa. Wewe huwa unalipa. Ulilipa la mumeo kwa mwenye jengo, ukalipa la yule mzee wa vitambaa, na hili utalilipa, na utabaki umesimama. Mdogo wako akiguswa kidogo tu ataanguka na hatainuka. Mimi nimewazaa wote wawili. Niliangalia nani ataweza."

Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayegawa vyumba vya kulala.

Nitawaambia nilivyohisi, maana ndiyo kazi niliyopewa kwenye ukurasa huu. Nilihisi kichwa kimejaa maji ya moto. Miaka minne ile nilidhani nyumbani wananiona. Nilidhani kila nilipoweka hela mezani nikasema na hili limekwisha, mama alikuwa anajivunia. Kumbe alikuwa anapima. Kila deni nililolimaliza nilikuwa namwonyesha tu kwamba lingine naweza kubeba.

"Ningekuwa sikulipa yale ya kwanza," nikamwambia, "leo ungeapa hivyo?"

Akafikiri kweli.

"Leo ningekuwa sijui nifanye nini," akasema.

Nikarudi dirishani. Karani alikuwa ameviweka viapo viwili bega kwa bega, cha mama na changu.

"Sikiliza nikueleze taratibu," akasema. "Nikikipokea hiki chako, vinakuwa viwili vinavyopingana. Hakimu ameshakaa. Ataagiza mama aingie sasa hivi, kwa sababu yupo hapa hapa jengoni, na askari ndiye atakayemwingiza, si wewe. Atamuuliza. Mmoja wenu ameapa uongo, dada, na huo uongo una kifungo."

"Hata kwa mtu wa umri wake?"

"Sheria haijaandika umri."

"Na nisipokuletea?"

"Chako unakwenda nacho nyumbani. Hukumu inabaki ilivyo. Unalipa."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa meneja wa kiwanda. Alikuwa ameandika: kuna fundi yupo hapa ofisini, anasema kadi anayo, nikusubiri au nisikusubiri?

Nilikisukuma kiapo changu kupitia lile tundu la dirisha. Karani akakivuta, akafungua kile kibati cha wino, akauchukua muhuri, akaushika juu ya karatasi. Hakuushusha.

"Nigonge?"

Nikageuka kutazama benchi. Mama alikuwa ananitazama. Nilitafuta woga usoni pake sikuuona. Nilitafuta hata aibu. Alikuwa ameshafunga mkoba wake na kujitengeneza mtandio begani, tayari kuondoka, anasubiri tu nimalize turudi nyumbani pamoja. Alikuwa na uhakika na mimi kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitazama.

"Dada," karani akasema mara ya pili, "nigonge au nisigonge?"